Feni Isiyo na Kelele

Baba Watoto,

Chakula kimo sufuriani, kipashe moto mwenyewe. Mvua ikitishia, anua nguo.

Hongera kwa feni ya betri uliyofunga kwenye paa la gari letu la kulalia safarini. Kweli haina kelele. Asubuhi nilipokuwa naanika nguo pembeni, nilikusikia vizuri kabisa kupitia tundu lake ukimwambia shemeji, "Laiti mke wangu angekuwa kimya hivi!"

~~Nimenuna.~~ Ninune kwa lipi? Nimechukua gari na watoto, tunakwenda kulala kwa dada. Ukimya wote wa nyumba ni wako, ufaidi.

Halafu, fundi wangu, waya ulizifunga kinyume. Feni ilikuwa inaingiza joto badala ya kulitoa. Nimezigeuza mwenyewe, kimya kimya.

Mama Kelele