Aliyefungiwa Stoo

3 Machi

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, ila baba miguu inamsumbua. Anatembea kwa kushika ukuta. Mteja aliyekuja kupimwa sare alinionyesha video yako ukihutubia watu juu ya majeraha ya utotoni. Umependeza. Lakini umesema baba alikufungia stoo ya mkaa siku mbili. Mdogo wangu, aliyefungiwa ni mimi. Wewe ulikuwa na miaka mitano. Majirani wameanza kumtazama baba kwa jicho baya. Naomba uifute.

Dada yako

11 Machi

Dada,

Shikamoo. Natumaini baba amepata nafuu. Mimi sijambo.

Najua aliyekuwa ndani ni wewe. Lakini nani alikaa nje ya mlango ule, akikusikia unalia mpaka sauti ikakukauka? Mshauri nasaha wangu anasema maumivu hayaulizi mwenyewe ni nani. Bila hadithi ile sijijui, dada. Watu wananiandikia kwamba nimewaponya.

Mwisho wa mwezi nakuja na mpiga picha. Nataka baba aniombe msamaha, nitue mzigo. Usinizuie. Nimejifunza kuweka mipaka.

Mdogo wako

14 Machi

Mdogo wangu,

Za huko? Sisi tuko vilevile.

Njoo, ila bila kamera. Baba siku hizi anasahau. Ukimwambia jambo, hata kama si kweli, analishika kama kweli. Njoo peke yako tule, tuzungumze. Mipaka kaiweke huko kazini kwako. Hapa ni kwenu.

Dada yako

9 Aprili

Mdogo wangu,

Sijui kama u mzima. Tangu uondoke simu hupokei.

Video nimeiona. Baba analia, anasema, "Nisamehe, mwanangu," na macho yake yako mlangoni, niliposimama mimi. Kisha mkono wako unamgeuza uso taratibu. "Nitazame mimi, baba." Akakutazama.

Miaka yote hii namwogesha, namlisha, sijawahi kumdai neno lile. Nilikuwa nalingoja tu.

Jana nikimkanda miguu alinishika mkono. "Mwite mdogo wako," akasema. "Nilimfungia stoo, maskini. Afadhali wewe sikukugusa."

Nikaendelea kumkanda. Akaniuliza kama nimesikia. Nikamwambia nimesikia, nitakufikishia.

Nimefikisha.

Dada yako