Darubini ya Shemeji Augustino

Gaudiosa, sikia haya. Shemeji Augustino nusura amuue mama mkubwa leo hapa Mpepai!

Unakumbuka ile darubini ya bunduki aliyojisifia nayo nje ya kanisa? Fundi wa Songea alimwambia kwenye bunduki yake darubini inafungwa mbele, juu ya mtutu, kwa hiyo achague ile inayotazamwa jicho likiwa mbali. Yeye? "Darubini ni darubini." Akachukua ya kawaida, ile inayotaka jicho karibu, kwa sababu inang'aa. INANG'AA, Gaudi!

Sasa ukiitazama, unaona katundu tu. Asubuhi kaona kitu cheusi kwenye mahindi, akadhani ni nguruwe mwitu, akafyatua. Nguruwe gani? Ni mama mkubwa Teodora na sweta lake jeusi, kainama anapalilia! Risasi imepasua ndoo pembeni yake.

Unajua kasema nini? Hata pole hakusema. Eti, "Mama, na wewe uwe unavaa rangi."

Avae rangi!!

Mama mkubwa alimnyang'anya bunduki, akampa jembe. "Malizia shamba." Bunduki imeenda kwa mtendaji wa kijiji, na Augustino anapalilia mpaka sasa. Jasho linamtiririka, na hakuna anayempelekea maji.