Laptopu ya Wifi Yako

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti limeacha kukusumbua unapopanda ngazi. Sisi huku hatujambo. Watoto wanakula kama mchwa, mimi ni yule yule wa kunyoa vichwa vya watu, na wifi yako yuko mwaka wa tatu wa uhandisi wa ujenzi. Yeye ndiye hasa aliyenifanya nishike kalamu.

Unajua anashinda kiwandani hadi jioni. Akifika chuoni, chumba cha kompyuta kinakaribia kufungwa, kwa hiyo michoro yake ilikuwa ikiishia nusu. Muhula uliopita aliniambia, huku anamenya viazi wala hanitazami, kwamba huenda akaacha masomo. Nikasema haiwezekani, twende tukatafute laptopu, hata kama ni iliyokwisha kutumika.

Dukani, muuzaji akanikaribisha mimi, akaanza kunisifia moja nyembamba inayong'aa kama kioo cha saluni. Nikamwambia, "Kaka, mwanafunzi ni huyu. Mimi nimekuja kubeba tu." Basi wifi yako akaanza maswali. Memori inaongezeka, au imegandishwa humo humo? Diski je, inabadilishwa? Muuzaji akakiri kwamba ile nyembamba ukishainunua ndiyo basi, huiongezi kitu. Mwenzangu akairudisha mezani, akaichukua moja nene, nyeusi, pembe imekwanguka. Akachezesha bawaba, akachomeka chaji, akabonyeza herufi zote, akaigeuza kukagua skrubu za mgongoni. Mimi moyoni nasema, mke wangu jamani, hili si tofali? Yeye akasema hii inafunguka, mengine atayaongeza mwenyewe.

Tukainunua, na vifaa vya kuongezea vilipopatikana aliifungua mezani, pale karibu na dirisha. Watoto aliwaamuru hata wasipumue. Skrubu zikaingia kwenye kikombe, na mimi nikapewa cheo cha kushika kikombe. Akatoa diski ya zamani iliyokuwa ikinguruma, akaweka mpya isiyo na mlio wowote, kisha akaongeza memori ya pili. Akawasha. Giza tupu. Nikamwangalia, nikadhani atalia. Hakulia. Alifungua tena, akakishika kile kijibao cha memori, akakikandamiza kwa kidole gumba mpaka tukasikia "ta!" Kumbe hakikuwa kimekaa sawasawa. Alipowasha mara hiyo kioo kikajaa mwanga, na watoto wakapiga kelele hadi jirani akaja kuuliza kuna nini.

Akapakia programu zake. Ile ya kuchorea, kwenye kompyuta za chuo ungemaliza kunyoa mtu na ndevu zake kabla haijafunguka. Hapa inafunguka bado natafuta kitana. Humo ndimo alimochora daraja la waenda kwa miguu, ngazi zake na nguzo zake, kitu ambacho hata mimi nisiyejua lolote nilikitazama nikatamani kukipanda. Mwalimu wake akaupeleka mchoro kwenye kampuni inayojenga madaraja. Wakamwita, wakamhoji asubuhi nzima, naye akawajibu huku laptopu iko mapajani. Wamemchukua kwa mafunzo ya mwaka mzima, na chuo kinayahesabu kama sehemu ya masomo yake.

Sasa nikueleze jambo lenyewe, dada. Kazi hiyo iko mji mwingine, mbali. Wifi yako alitaka kuikataa kwa ajili yangu, eti kinyozi akihama amepoteza wateja. Mimi ndiye niliyekataa asikatae. Funguo za kibanda changu cha kunyolea nimeshamrudishia mwenye nyumba, na mwezi ujao tunahama sote.

Maneno hayakosekani. Mteja mmoja aliniuliza, wembe ukiwa shingoni mwake, kama siku hizi mke ndiye anayehamisha nyumba. Nikamjibu, "Ndiyo, kaka. Mke wangu anakwenda kujenga daraja." Akainamisha kichwa, nikamalizia kisogo.

Mama hajui bado. Nakuomba umwambie wewe, maana kwako hafoki. Mwambie ukumbini, dirisha likiwa wazi, na kwa sauti kubwa, majirani nao wasikie.

Nisalimie shemeji, na watoto wote uwapapase vichwa kwa niaba yangu. Wifi yako anakusalimu sana. Angeandika mwenyewe, lakini ana mchoro haujakamilika.

Ni mimi mdogo wako,
Kinyozi, mume wa mhandisi