Mdundo Niliouita Kelele za Umeme

4 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Kazi ya hospitalini inakwendaje? Mimi mzima, ila miguu inavimba. Miaka mitatu ya kununiana ni mingi, lakini nina neno lazima nilitoe.

Wiki iliyopita umeme ulikatika maabara. Kifaa cha kupimia kikabaki kwa betri, na kipande hai cha ubongo wa panya kikaendelea kupiga karibu mara hamsini kwa sekunde, kasi ileile ya umeme wa ukutani. Ndipo nikaelewa. Mdundo niliokukaripia kwa ajili yake mbele ya wenzako, "Futa hiyo, ni kelele za umeme wa ukutani!", ulikuwa wa hipokampasi yenyewe, pale kumbukumbu zinapotengenezwa. Kesho yake nikatia dawa inayofuta kazi ya seli za breki. Mdundo ukafa papo hapo. Ni kama ulivyosema: seli hizo chache huzinyamazisha nyingine zote kwa mpigo, zikiziachia zinalipuka pamoja, na ndivyo kasi ile inavyozaliwa.

Nilikukosea. Rudi. Makala itatoka na jina lako mbele.

Baba yako mdogo


30 Machi

Shikamoo, Baba Mdogo,

Sijambo. Pole kwa miguu, punguza kusimama. Mimi nabandika waya vichwani mwa wagonjwa, napima mawimbi ya ubongo. Inanitosha.

Barua yako imeniliza. Nami nina kosa. Siku ile nilikuwa na karatasi ya vipimo mfukoni: nilipoyapasha joto maji yaliyokizunguka kipande cha ubongo, mdundo uliongeza kasi. Umeme wa ukutani haujui joto. Ningekuonyesha tu, ubishi ungeisha. Nikajisemea, abaki na ujuaji wake. Nikabamiza mlango, nikaondoka mjini hata bila kumuaga Mama Mdogo.

Hukuandika habari zake. Hajambo? Bado anabishana na redio?

Mwanao


19 Juni

Mwanangu,

Natumai u mzima. Barua hii nimeianza mara nne.

Mama yako mdogo alifariki Novemba ya mwaka juzi. Moyo. Alikuwa akiniambia kila siku, "Mwandikie mtoto." Nami nikimjibu, "Kwanza ajifunze adabu." Alipoondoka, sikujua nikuandikie nikianzia wapi. Mwezi Machi nikaona afadhali nianze na panya.

Usinisamehe haraka.

Baba yako mdogo


27 Juni

Baba Mdogo,

Salamu nitakupa nikifika. Jina langu liweke mbele au nyuma, sawa tu. Maabara sirudi.

Nakuja Jumamosi. Unipeleke alipozikwa. Njiani tusizungumze habari za ubongo.

Mwanao