Kamba ya Bluu Uliyonipa

Kaptembwo, Jumanne

Ndugu yangu Ooko,

Habari za Kamere? Huku hatujambo. Mama amepona kikohozi, na mbuzi wake amezaa tena.

Jana nilienda kununua kamba ya kukwelea miti, maana wasichana wa kazini sasa wanataka twende sote kukwea Jumapili. Muuzaji alisema ile inayovutika ni ya miamba. Ya miti isivutike sana. Nikamwonyesha yako, nikamwambia ni zawadi ya ndugu yangu, ila ni fupi. Akaipitisha mkononi pole pole, akafika mahali palipopauka na kukakamaa. Akaniuliza kama imewahi kumwagikiwa asidi.

Nikakumbuka stoo yenu ya mbolea na asidi pale shamba la maua. Nikakumbuka pia ule mgunga mkubwa kando ya ziwa. Wewe hukubali mtu akutangulie kupanda, lakini siku hiyo goti lilikuuma. "Akeyo, tangulia wewe, uijaribu," ukasema. Nilipanda mpaka juu nikicheka. Wewe ulisimama kando, na macho yako hayakutoka kwenye kamba.

Sikuulizi kitu. Mpya nimenunua, na safari hii nimeichagua mwenyewe. Yako nilimfungia mbuzi jana jioni. Leo asubuhi tumempata kwenye shamba la sukuma wiki la jirani, kipande cha bluu kikining'inia shingoni.

Mama anakusalimu. Anashangaa mbuzi amepata wapi nguvu hizo, na mimi sijamwambia.

Ni mimi dada yako,
Akeyo