Najificha Jikoni Kumsikiliza Mama Mkwe

Mpendwa mshauri Agnela, naomba msaada wako, ingawa mimi kwa kawaida si mtu wa kuomba ila wa kuombwa, maana hapa Kijenge wanaume wote wenye matatizo na wake zao huja kwangu, wanapanga foleni tangu asubuhi, nami nawatengenezea nyumba zao kwa maneno mawili matatu wanaondoka wakishukuru. Basi, hiyo foleni haipo. Alikuja mmoja tu, na alikuja kuazima pampu ya baiskeli, habari ya mkewe aliigusia akiwa anaondoka, na ushauri niliompa ulimfanya akalale kwa kaka yake. Nimeanza hivyo ili usinione mnyonge, sasa twende kwenye ukweli.

Jina langu ni Lesian, Mwarusha wa upande wa magharibi wa mlima, lakini sasa nakaa Kijenge kwa binti yangu Nosim, tangu kile kiwanda nilichokuwa nalinda kilipouzwa kwa tajiri na tajiri akaja na walinzi wake wenye mbwa wanaokula vizuri kuliko nilivyokuwa nakula mimi. Shule nilisoma kwa wamisionari mpaka mwalimu aliponichoka, kwa hiyo nikikosea herufi wewe nyoosha tu. Mke wangu Simaloi alifariki mwaka juzi, wakati wa masika.

Hapa kwetu kuna kitu kinaitwa Alhamisi ya Wazee, kinafanyika ukumbi wa kanisa, na Walutheri tunakaa na Wakatoliki hakuna anayeulizwa kadi. Kiongozi wake ni Mama Elihuruma, mjane wa Kimachame aliyekuwa akiuza ndizi sokoni, na sauti yake haijapata habari kwamba ameacha biashara. Anaanza kwa kututangazia mambo ya mtaa, nani kalazwa, nani anazikwa lini, zahanati gani bado inapima presha bila kuchangia, maana siku hizi hata kuugua kumepandishwa bei, kisha tunanyoosha viungo tukiwa tumekaa vitini, akina mama wanasuka vikapu, wanaume tunacheza drafti na kudanganyana, halafu chai na maandazi. Ukiona mzee wa Kijenge anaoga bila kulazimishwa, ujue kesho ni Alhamisi. Mimi ndiye nilikuwa kelele ya ukumbi ule, mama muuguzi mstaafu akinipima presha nilikuwa namwambia kabla ya kumwona yeye ilikuwa sawa, na alikuwa ananikaza ule mkanda mpaka vidole vinakufa ganzi.

Sasa mwaka huu baada ya Pasaka mlango ukafunguka, akaingia mama mkwe wangu.

Wewe kwa jina naona ni wa Kilimanjaro, labda kwenu mambo ni mepesi, kwa hiyo nikueleze. Kwetu mwanaume na mama mkwe wake hawatazamani, hawali mbele ya mwenzake, wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye migomba mpaka mwenzake apite. Jina lake silitaji, hata kwa kalamu. Miaka yote niliyokaa na binti yake nimeona mgongo wake na upindo wa shuka yake tu, neno hatujapeana, hata siku ya kumzika Simaloi mimi nilisimama huku na yeye alikuwa kule nyuma ya wanawake, kila mtu na kilio chake. Alikuwa anaishi juu huko mlimani, kumbe nyonga zimemsumbua, mwanawe anayeuza vipuri vya magari Themi kamleta akae kwake, na asikae peke yake ndani na mashokomzoba ya magari akawa anamleta na pikapu kila Alhamisi.

Nilipomwona nilikuwa na andazi mdomoni. Niliruka, mshauri, kwa umri wangu, nikaingia jikoni, nikasema nitokee mlango wa nyuma, kumbe kuna gari limeshusha kuni hapo hapo mlangoni, halifunguki. Nikabaki nimenaswa katikati ya masufuria. Na kule ukumbini Mama Elihuruma akamwomba mgeni ajitambulishe na atuambie chochote anachotaka, naye akaanza kusema.

Mimi nimeona mambo. Nimeona mlima wetu umevaa theluji asubuhi na adhuhuri imeondoka yote. Nimeona duka moja mjini lenye sahani kubwa juu ya paa, na ndani watu wanacheza mpira Marekani saa ile ile mimi nimesimama Arusha, jasho lao naliona, na sikuelewa jasho linapitaje angani, niliondoka nimevua kofia. Lakini sijawahi kushikwa kama nilivyoshikwa jikoni mle, na birika mkononi. Sauti ile ilikuwa ya Simaloi. Ile namna yake ya kulivuta neno la mwisho kama mtu anayekaza kamba ya mzigo, kile kicheko kinachoanzia puani, hata pale anaponyamaza kidogo kabla ya kukusema vibaya. Nilidhani nimekufa na mbinguni kumbe kuna moshi wa kuni. Miaka yote sauti ile ilikuwa na mwenyewe mwingine, mkubwa wake, nami nilikuwa nakimbilia kwenye migomba.

Na alichokuwa anasema, mshauri. Alikuwa anasema kwa Kimaa, lugha yetu, mama mmoja akiwatafsiria Wachaga, habari za binti yake, hakumtaja jina kwa sababu watu wa zamani kama yeye hawawataji waliowatoka, alisema tu yule msichana wangu wa katikati. Alisema alivyokuwa anajificha shambani asichunge ndama. Wiki iliyofuata, nami nimerudi jikoni kwa kisingizio cha kukoroga chai, akasema habari ya posa, kwamba alikuja mwanaume mmoja na wazee wake, na yule mwanaume akaongea kuliko waliotumwa kuongea, mpaka wazee wakaona haya, na msichana wake alikuwa nyuma ya nyumba anasikiliza akacheka mpaka akamwaga kibuyu cha maziwa, yeye mama akamgombeza, na msichana akamuuliza mama yake, yeyo kwa lugha yetu, swali moja tu.

"Yeyo, huyu mwenye maneno atakuja tena?"

Mshauri, Simaloi maisha yake yote aliniambia alinikubali kwa sababu baba yake alishapokea ng'ombe. Nikimuudhi aliniambia, nikimfurahisha aliniambia, nilizeeka nikiamini hivyo na nikazoea. Kumbe alicheka. Kumbe aliuliza kama nitarudi. Nililisikia hilo nikiwa nimepiga magoti mbele ya mafiga, na chai ikafurika ikazima moto, sikuiona.

Tangu hapo nimejitolea kupika chai. Mwarusha wa rika langu kushika sufuria ni habari iliyofika mpaka mtaa wa Sakina, wenzangu wa drafti wananiita mama lishe, Nosim alitaka kunipeleka hospitali. Alhamisi naingia mapema, mama mkwe akifika mimi niko ndani tayari, nasikiliza, natoka wa mwisho. Hajui. Au nilidhani hajui. Mama Elihuruma amenigundua, alikuja kuchukua vikombe akanikuta sikio liko ukutani.

"Mzee Lesian, chai haipikwi kwa sikio," aliniambia kwa sauti ya chini, na yeye sauti ya chini huwa hana. "Mwambie kabla sijamwambia mimi."

Alhamisi iliyopita kuni zilikuwa mbichi, moshi ukanikaba nikakohoa. Mama mkwe akauliza nani yuko jikoni, Mama Elihuruma, Mungu ambariki, akajibu ni mpishi. Mama mkwe akasema mpishi huyo kifua chake ni kibovu, apewe maziwa ya moto. Halafu akasema kule alikokaa kuna upepo, akaomba kiti chake kisogezwe huku karibu na mlango wa jiko, akaendelea kusimulia, tena kwa sauti kubwa kuliko mwanzo.

Sasa nifanye nini? Nikijitokeza atapata aibu, atajua mambo yake ya ndani yalisikiwa na mkwe, na ninavyowajua wanawake wa nyumba ile hatakanyaga tena, atabaki Themi ndani ya chumba chenye vipuri mpaka mwisho wake. Nikinyamaza mimi ni mwizi. Nikiacha kwenda, sauti ile siisikii tena, na mwenye nayo ni mtu mzima sana. Mchungaji nilimuuliza kwa kuzunguka, akasema katika Kristo hakuna mkwe, lakini yeye mwenyewe mama mkwe wake akija anatorokea dirishani.

Halafu liko jambo dogo linalonihusu na gazeti lenu. Yule mpiga picha wenu aliyekuja kutupiga picha wazee aliazima fimbo yangu ya mzeituni wa porini ashikilie pazia mwanga uingie, mwanga ukaingia, picha akapiga, na fimbo akaondoka nayo. Mwambie airudishe. Aiache mapokezi, Nosim atapita, maana sasa natembelea mpini wa jembe na mbwa wote wa Kijenge wananidharau.

Lesian, Kijenge

*

Shikamoo, Mzee Lesian. Nimeshakuamkia, sasa niruhusu nikugombeze.

Fimbo yako ipo, nimeikuta imeegemezwa kabati la mhariri, na aliyeichukua ameambiwa la kumtosha. Tumalize hilo.

Pole kwa kumpoteza mama Nosim. Sitakucheka kwa kupiga magoti mbele ya mafiga. Ningekuwa mimi, ningezimia. Lakini usinisingizie kwamba kwetu mambo ni mepesi. Mimi ni wa Kibosho, na najua mkwe ni nini. Kwa hiyo na wewe unajua ulichofanya. Yule mama alikuwa anawasimulia watu aliokuwa anawaona. Wewe hakukupa, umejichotea. Siku ya kwanza kuni zilikuziba njia, hiyo nakusamehe. Wiki zote zilizofuata uliingia mwenyewe, mapema, ukijifanya mpishi, na wenzako wamekunywa chai ya moshi kwa sababu yako.

Hata hivyo nimeusoma mstari mmoja wa barua yako mara nyingi, na sijui kama wewe uliyeuandika umeusoma. Amesikia kikohozi, akakuagizia maziwa, akasogeza kiti mlangoni, akapaza sauti. Mzee wangu, mama mkwe anayekaa upande wa pili wa ukuta miaka yote hajui sura ya mkwewe, lakini anajua anavyokohoa. Inawezekana anajua vizuri sana nani anakoroga chai ile. Inawezekana mwanamke ambaye desturi haimruhusu kukuambia hata neno moja ameamua kuuambia mlango wa jiko, na ile habari ya maziwa yaliyomwagika hakuwa anawasimulia Wachaga. Nilipofika hapo niliweka kalamu chini, na jirani yangu wa meza akaniuliza kama naumwa.

Lakini mimi sijui, na wewe hujui. Kubahatisha si ruhusa. Kwa hiyo sikiliza.

Alhamisi hii usiende. Chai apike mwingine. Jumapili baada ya ibada mtume Nosim Themi kwa bibi yake. Mjukuu anaweza kumwambia bibi lile ambalo wewe na mimi hatuwezi, na wakataniana juu yake. Apeleke blanketi, na asali kama inapatikana, na aseme mambo yalivyo bila kuyapamba: baba alikuwa jikoni, amesikia, anaomba radhi, na anauliza kama anaweza kuendelea kusikiliza. Wewe usiende hata getini. Nakujua kwa barua moja tu, na najua utataka kwenda getini.

Akikubali, Mama Elihuruma akuwekee benchi nje, chini ya dirisha, mgongo ukutani. Yeye ndani, wewe nje, hakuna anayemwona mwenzake, na heshima yake haijaguswa. Ukae kimya. Najua hilo ni kubwa kuliko kupanda mlima, ila utajifunza.

Akikataa, au akinyamaza, usimbembeleze na usimtume mtu wa pili. Tafuta siku nyingine. Wazee wa parokia ya Themi hukutana Jumanne, drafti wanayo, na wamekosa mtu wa kuwadanganya. Utachukua mpini wako wa jembe au fimbo yako na utatembea mpaka kule, kwa sababu wewe miguu unayo, na mdomo wako utapata marafiki popote ukiufungua. Yeye ana ukumbi ule, mara moja kwa wiki, na hapo ndipo mahali pekee watu wanakaa kimya wakamsikiliza akimzungumzia mtoto aliyemzika. Asipotaka uwepo, sauti ile hutaisikia tena, na itakuuma. Kubali ikuume wewe, yeye aendelee kusema.