Goti la Kushoto

3 Machi

Mama, shikamoo.

Sisi wazima, na mjomba kikohozi kimemwachia. Mikono yako je, bado inachubuka kwa sabuni ya mashuka ya hoteli?

Tangu uondoke sina wa kunifundisha mpira wa wavu, basi nimempata mwalimu kwenye simu. Anafundisha kuruka na kupiga. Mjomba ananirekodi, nami naruka uani mara mia kwa siku. Sasa kiganja kizima kinapita juu ya kamba ya nguo! Mchujo wa timu ya vijana ni tarehe 18 Mei. Video hiyo, usinicheke.

Mwanao

11 Machi

Kijiti wangu, marahaba.

Mikono imeshazoea, usiwe na wasiwasi. Video nimeirudia mpaka wenzangu wa kufua wakaniuliza kama ni ya harusi. Mkono wako mzuri kuliko wangu enzi zangu. Ila unatua kwa mguu wa kushoto peke yake, na goti linalala kwa ndani. Tua kwa miguu yote miwili, magoti yaangalie mbele. Ningekuwepo ningekushika kiuno, na jioni moja ingetosha.

Yule fundi seremala niliyecheza naye zamani bado anafundisha kwenye kiwanja cha shule. Nenda kwake.

Mama yako

2 Aprili

Shikamoo mama. Huku hatujambo, ni joto tu.

Nimefanya ulivyosema, na mimi najiona natua kwa miwili. Mwalimu wa kwenye simu kutua hakutaji, anasema mwenye bidii aongeze idadi. Nilimwandikia swali, nikajibiwa kwa picha ya kidole gumba.

Kwa fundi nilikwenda mara moja. Saa nzima hakuniruhusu kuruka. Alisema, "Kwanza nikuone unavyosimama." Nikasimama kama mlingoti, watoto wadogo wananikodolea macho. Sikurudi. Nimekutumia video nyingine.

Mwanao

9 Aprili

Kijiti, salaam nyingi, na mjomba wako pia.

Goti ni lile lile. Maneno yameniishia, kwa hiyo leo nimeruka mwenyewe katikati ya mikokoteni ya mashuka, mwenzangu akinirekodi ili nikuonyeshe. Msimamizi akaingia. Hakugomba. Alisema tu kwamba kuanzia sasa simu zitakaa kabatini siku zote za kazi. Nikamwomba wiki moja nije nyumbani. Mkataba hauruhusu mpaka Desemba.

Nakuomba kama mama, si kama mwalimu: acha kuruka. Goti linauma? Nijibu hilo tu.

Mama yako

27 Aprili

Mwanangu, hujambo? Hujajibu. Mjomba wako anasema uko salama, lakini yeye hata akivunjika atasema yuko salama. Niandikie.

Mama yako

24 Mei

Mama, shikamoo. Nisamehe kwa ukimya.

Goti lilianza kuuma Machi. Nilijua nikikwambia utanizuia. Wiki moja kabla ya mchujo likavimba, nikarudi kwa fundi. Alichuchumaa, akaweka viganja pembeni mwa magoti yangu, akaniambia niyasukume nje, kisha niruke kidogo tu. Mama, nilitua. Yote uliyoniandikia niliyaelewa pale pale, kwa mikono ya mtu. Halafu akasema, "Sasa kapumzike. Mchujo wa mwakani upo."

Sikumsikiliza. Nilikwenda kwenye mchujo, na mpira wa tatu nilisikia kitu kimekatika. Daktari anasema ni kano ya ndani ya goti, nitapasuliwa mwezi ujao. Mjomba alikuwa anarekodi, na video naituma. Usipotaka, usiifungue.

Mwanao

1 Juni

Pole, mwanangu. Pole sana.

Nimeifungua leo mchana, siku yangu ya mapumziko. Ulipopaa tu nilijua. Nikakuita kwa sauti humu chumbani, wenzangu wakakurupuka. Nilikuwa nakuonya, na wewe umeshaanguka wiki mbili zilizopita.

Sikulaumu. Nimeomba ruhusa tena. Jibu ni lile lile.

Mama yako

29 Julai

Shikamoo mama. Nyuzi zimetolewa, nala vizuri.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo hufika hospitali yetu mara moja kwa mwezi, hivyo ametuachia video za kufuata. Nazifuata kila asubuhi. Mjomba amenirekodi. Tazama, uniambie kama nafanya sawasawa.

Mwanao

6 Agosti

Kijiti wangu, marahaba. Nimefurahi kusikia unakula.

Nimetazama toka mwanzo hadi mwisho, mara nyingi. Naona goti linakunjika na kukunjuka. Naona na uso wako umetulia kabisa, na hapo ndipo ninaposhindwa, kwa sababu ulijua nitatazama. Ningekuwepo ningeweka mkono tu, ningejua.

Siwezi kukuambia kama ni sawasawa, mwanangu. Sijui.

Mama yako